Miji Midogo Haifi kwa Bahati Mbaya

Katika mazungumzo yetu kuhusu Marekani, nchi ile huwa na miji mitano au sita tu: New York, Washington, Los Angeles, Chicago, na labda Houston kwa wenye ndugu huko. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, huonekana kwa dirisha la ndege kama shuka la mirabamiraba, kisha husahaulika. Wamarekani wa pwani nao hawatofautiani sana nasi. Majimbo ya katikati huyataja kwa jina la kejeli, kwamba ni nchi ya kurukwa juu. Kejeli hiyo ina gharama yake ya kisiasa. Mwaka 2016 wachambuzi walipigwa na butwaa kuona kaunti 31 kati ya 99 za jimbo la Iowa, ambazo zilikuwa zimempa kura Barack Obama mara mbili, zikimchagua Donald Trump. Wengi wa walioduwaa hawakuwahi kusimama huko hata kunywa kahawa.

Ninataka kujenga hoja moja leo, na ushahidi wangu nimeuokota huko huko kunakorukwa juu. Hoja yenyewe ni kwamba mji mdogo hauzaliwi kwa bahati, haufi kwa bahati mbaya, wala haufufuki kwa miujiza. Nyuma ya kila hali yake kuna uamuzi wa mtu au wa chombo fulani, na mara nyingi uamuzi huo una tarehe. Tukiamini kwamba miji hufa yenyewe, kama majani yanavyonyauka, hatutamwuliza yeyote swali lolote.

Septemba iliyopita, baada ya kongamano lililonipeleka Chicago, nilikodi gari dogo nikaelekea magharibi peke yangu kwa siku kumi na mbili. Nilijiwekea masharti mawili: nisitumie barabara za kasi ila pale isipowezekana vinginevyo, na nisimame katika kila mji wenye jengo la mahakama ya kaunti. Barabara namba 34 ilinivusha Illinois na mto Mississippi hadi Ottumwa, jimboni Iowa. Namba 63 ikanishusha kusini hadi Kirksville, Missouri, kisha ikanipandisha tena hadi Tama. Namba 30 ikanipeleka magharibi, nami nikamalizia kaskazini, Storm Lake. Mwenda pole hajikwai, na katika nchi ile mwenda pole pia huona. Anayesafiri peke yake ana faida moja zaidi: watu humsemesha. Mezani pa mkahawa, mtu mmoja mwenye kitabu ni swali linalosubiri kuulizwa, na kule hukaa muda mrefu bila kuulizwa.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni unyofu wa mistari. Barabara za mashambani hukatana kwa pembe mraba, na kila baada ya maili moja huja njia panda nyingine. Chanzo chake ni sheria ya ardhi ya mwaka 1785, iliyoagiza nchi ipimwe kwa miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba ugawanywe katika vipande 36 vya ekari 640. Kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule ya umma. Tafakari, ndugu msomaji: kabla mlowezi wa kwanza hajajenga kibanda chake, tayari shule ilikuwa na ardhi. Mwaka 1862 zikafuata sheria mbili nyingine, moja ya kumpa mlowezi ekari 160, nyingine ya kuyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi. Iowa ilikuwa ya kwanza kuikubali hiyo ya pili, na chuo kikuu kilichopo mjini Ames ni tunda lake. Kwa hiyo yule mkulima wa Iowa anayesifiwa kuwa alijitengeneza mwenyewe alitengenezewa kwanza mpaka wa shamba, shule ya mtoto wake na chuo cha kumtafitia mbegu. Serikali ilimtangulia shambani.

Hata hivyo, ardhi hiyo haikuwa tupu. Iligawanywa baada ya wenyewe kuondolewa kwa vita na kwa mikataba iliyotiwa saini chini ya kivuli cha bunduki. Vita vya Black Hawk vya mwaka 1832 vilifungua mlango wa Iowa kwa walowezi, na katika miaka iliyofuata watu wa Meskwaki wakaamriwa kuhamia Kansas. Mjini Tama nilisimama kwenye daraja dogo la mwaka 1915, ambalo ukingo wake wa zege umefinyangwa herufi zinazosomeka jina la barabara, Lincoln Highway. Watalii hupiga picha hapo na kuondoka. Karibu na daraja hilo ipo ardhi ambayo, kwangu, ina maana kubwa kuliko daraja. Mwaka 1857 Wameskwaki walichanga fedha wakanunua ekari 80 katika kaunti ya Tama, baada ya bunge la jimbo kupitisha sheria ya kuwaruhusu kubaki. Watu walinunua kwa fedha taslimu sehemu ndogo ya nchi yao wenyewe. Leo wanamiliki zaidi ya ekari 8,000, wana shule yao na serikali yao. Nao pia ni uthibitisho wa hoja yangu: hawakubaki pale kwa bahati, bali kwa sababu waliamua kubaki wakati sheria zote zilikuwa zimeamua waondoke.

Swali la nani anaruhusiwa kuwa wapi halikuishia kwa wenyeji wa asili. Safari ya polepole isiyo na haraka wala ratiba ni anasa ambayo historia ya nchi ile haikumgawia kila mtu. Tangu miaka ya 1890 miji mingi ya Illinois, Indiana na majirani zao ilijulikana kama miji ya machweo: mtu mweusi angeweza kufanya kibarua mchana, lakini jua lisimkute akizama ndani ya mipaka ya mji. Mwanahistoria wa jamii James Loewen aliichunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 2005. Ni kwa sababu ya hatari za aina hiyo, kaskazini na kusini, kwamba mwaka 1936 mtumishi wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kuchapisha mwongozo wa wasafiri weusi unaoonyesha wapi wangepata kitanda, chakula na mafuta ya gari bila kufukuzwa. Mwongozo huo uliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960. Wakati familia nyingine zikibeba ramani ili zisipotee, familia hizi zilibeba kitabu ili zirudi salama.

Mimi nililala katika moteli za barabarani bila kuulizwa chochote zaidi ya kadi ya benki. Madereva wa malori madogo waliinua kidole kimoja juu ya usukani kunisalimu, kama wanavyomsalimu kila mtu. Lakini pia, katika mji mmoja ambao sitautaja, gari la polisi lilinifuata taratibu kwa maili nne, likageuka pale tu nilipovuka mpaka wa mji. Hakuna aliyenitendea jambo lolote baya. Nalitaja kwa sababu desturi ya zamani inaweza kubaki katika mwendo wa gari hata baada ya kufutwa katika vibao na sheria.

Tuingie sasa katika miji yenyewe. Galesburg, Illinois, ni mji ambao historia haikuunyima kitu. Chuo cha Knox kilianzishwa mwaka 1837 na watu waliopinga utumwa. Tarehe 7 Oktoba 1858 Abraham Lincoln na Stephen Douglas walijadiliana mbele ya jengo kuu la chuo hicho, na Lincoln akaulaani utumwa kuwa ni uovu wa kimaadili. Jengo hilo bado linatumika. Mshairi Carl Sandburg alizaliwa hapo mwaka 1878, mtoto wa wahamiaji wa Uswidi, baba yake akifanya kazi katika karakana ya reli. Reli bado ipo. Treni za mizigo hupita usiku kucha zikipiga honi. Kilichotoweka ni kiwanda cha majokofu cha Maytag. Oktoba 2002 kampuni ilitangaza kwamba kingefungwa, na Septemba 2004 jokofu la mwisho lilitoka. Ajira zipatazo 1,600 zilikwenda, na uzalishaji ukahamia Reynosa, Mexico, ambako mshahara ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Illinois.

Ukiwauliza wachumi wa vitabuni watakwambia hiyo ni nguvu ya soko. Lakini soko halina mkono wa kutia saini. Mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1994 uliandikwa na watu, ukapigiwa kura na watu, na ukatiwa saini na watu walioahidi kwamba watakaopoteza kazi wangeandaliwa kazi nyingine. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami katika mkahawa wa Galesburg, aliyefanya kazi kiwandani humo kwa miaka mingi, hakuwachukia Wameksiko. Alichokikumbuka kwa uchungu ni kwamba kampuni ilikuwa imepewa misaada ya kodi na mji ili ibaki, na bado ikaondoka. Mji ulitimiza upande wake wa ahadi.

Mashambani kuna hadithi nyingine ya aina hiyo, isiyo na lango la kiwanda la kupigia picha. Mwaka 1950 Iowa ilikuwa na mashamba zaidi ya 200,000. Sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilihesabu chini ya 90,000. Ardhi haikupungua, wenye mashamba ndio waliopungua, na kila shamba lililomezwa na jirani liliondoa familia moja kanisani, watoto watatu shuleni na mteja mmoja dukani. Mgogoro wa madeni wa miaka ya 1980, riba zilipopanda na bei ya ardhi ikaporomoka, uliharakisha mambo. Sera za ruzuku zilizomlipa mkulima kwa wingi wa ekari na mavuno ziliyafikisha pale yalipo. Ndiyo maana unaweza kuendesha gari saa nzima katikati ya mahindi na soya yaliyostawi kuliko popote duniani, ukafika katika mji ambao nusu ya maduka yake yamefungwa. Ardhi ni tajiri, mji ni maskini, na mahindi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya kulisha nguruwe na kutengeneza ethanoli ya magari.

Lakini haitakuwa haki kuandika kama mtu aliyekwenda kuhesabu makaburi. Karibu katika kila mji niliosimama, hata ule wa watu wasiofika elfu mbili, nilikuta maktaba iliyo wazi. Nyingi zilijengwa kwa fedha za tajiri wa chuma Andrew Carnegie, ambaye aligharimia maktaba za umma zaidi ya 1,600 nchini humo. Carnegie hakuwa malaika. Wafanyakazi wake wa Homestead, waliovunjiwa mgomo kwa risasi mwaka 1892, wangekwambia mengi. Ila sharti la msaada wake lilikuwa la busara: mji utoe kiwanja, na kila mwaka utenge kutoka mfuko wa umma asilimia 10 ya gharama ya ujenzi ili kuendesha maktaba. Asiyekuwa tayari kujitoza hakupewa. Kwa hiyo kilichoachwa na Carnegie si matofali pekee, bali tabia ya mji kujitoza kodi kwa ajili ya kitu cha wote. Matajiri wamekufa na viwanda vimehama, lakini tabia hiyo ipo. Mkutubi mmoja alinionyesha bajeti yake ya mwaka bila hata kuniuliza mimi ni nani, kwa sababu hiyo ni karatasi ya umma.

Kodi inayoendesha maktaba na shule hizo kwa sehemu kubwa ni ya ardhi na majengo, inayokusanywa na kutumiwa papo hapo. Mfumo huo una dhambi yake: mtaa wa matajiri hujipatia shule ya kitajiri, na maskini hubaki na umaskini wake. Hata hivyo, kila mtu anajua fedha imetoka wapi na nani wa kuulizwa. Jengo la mahakama limewekwa katikati ya uwanja wa mji ili mwananchi afike kwa miguu.

Sasa nije katika jambo ambalo Mswahili hawezi kulipita. Kirksville, kaskazini mwa Missouri, ni mji wa watu takriban elfu kumi na saba, wenye vyuo vikuu viwili. Niliingia dukani kununua matunda, nikasikia Kiswahili. Kilikuwa cha Kongo, kimechanganywa na Kifaransa, nacho kilikuwa kitamu masikioni kuliko hotuba zote za kongamano nililotoka. Wakongo wamejenga jamii yao hapo. Wengi walifika kwa bahati nasibu ya viza, na wengi hufanya kazi katika kiwanda cha nyama ya nguruwe katika mji wa jirani wa Milan. Mama mmoja aliniuliza, “Papa, uko mtu wa wapi?” Nilipomjibu alicheka, akaniita jirani. Bukavu alikuwa mwalimu. Hapa hukata nyama zamu ya usiku. Alieleza maisha yake kwa maneno machache: “Hapa kazi iko, baridi iko, bandugu habako.” Watoto wake wanasoma katika shule ambazo, bila watoto kama hao, zingekuwa zikipunguza madarasa.

Hali ni hiyo hiyo Storm Lake, mji wa watu wapatao elfu kumi na moja kaskazini-magharibi mwa Iowa. Viwanda vya nyama vimewaleta Walao, Wameksiko na wengine kutoka pande nyingi za dunia. Wakati miji mingine ya ukubwa huo ikifunga shule, huo unatafuta walimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua kwamba siku moja ningeusoma msemo huo katika daftari la mahudhurio la shule ya Iowa. Wala tusiupambe ukweli. Kazi hizo ni ngumu, zina majeraha, na zilishushwa thamani kwa makusudi pale makampuni yalipofunga viwanda vya zamani vyenye vyama imara vya wafanyakazi na kufungua vipya visivyo navyo. Mhamiaji hakuuangusha mshahara wa mchinjaji. Aliletwa baada ya mshahara kuangushwa.

Na kinachojengwa kwa uamuzi hubomolewa kwa uamuzi. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama katika mji wa Postville, kaskazini-mashariki mwa Iowa, wakakamata watu 389 katika mji wenye wakazi elfu mbili na ushei. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kilikuwa kimefilisika, nyumba zimebaki tupu, na wenye maduka wazawa, waliotarajiwa kunufaika, wakakosa wateja. Wanaohubiri leo kwamba kufukuza watu kwa wingi kutairudishia miji hiyo uhai wake hawana haja ya kubashiri. Wangeweza kwenda Postville wakauliza.

Storm Lake ina kitu kingine ambacho miji mingi mikubwa imekipoteza: gazeti lake. Mwaka 2017 Art Cullen wa Storm Lake Times, gazeti la familia lenye kuuza nakala zipatazo elfu tatu, alipewa tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake. Aliuliza ni nani aliyekuwa akilipia kwa siri utetezi wa kaunti tatu zilizoshtakiwa na mamlaka ya maji ya Des Moines kwa uchafuzi wa mito unaotokana na mbolea za mashambani. Aliwaandikia majirani zake, juu ya fedha zinazowagusa majirani zake, akijua kesho atakutana nao dukani. Ujasiri wa namna hiyo ni mgumu kuliko wa kumtukana rais aliye maili elfu moja kutoka kwako.

Kwetu Tanzania somo halihitaji kutafutwa mbali. Mwaka 1972 tulifuta serikali za mitaa. Ilipofika mwaka 1982 tukatunga sheria ya kuzirudisha, kwa kuwa huduma zilikuwa zimeporomoka. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitoka mikononi mwa halmashauri ukaenda Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa tununuapo umeme. Ni njia rahisi, na huenda makusanyo ni mazuri. Lakini mwananchi anayebonyeza namba za LUKU hajui kama shilingi yake imejenga mtaro wa mtaa wake au la, na diwani anayeulizwa ana jibu tayari: fedha ziko juu. Tumeondoa bughudha ya kukusanya kodi pamoja na haki ya kuhoji matumizi yake.

Watasema: usitulinganishe na nchi tajiri. Sitaki tulinganishwe kwa utajiri. Kipande namba 16 kilitengwa na taifa changa lililokuwa na madeni ya vita na hazina tupu, na maktaba ya mji wa watu elfu mbili haiendeshwi na mabilioni. Ninachotaka tulinganishwe nacho ni mpangilio: shule na maktaba hutengewa nini kabla viwanja havijauzwa, fedha ya mji inakaa wapi, na nani anaandika habari za kikao cha halmashauri. Yako mambo ya kutoiga pia, kuanzia kupora ardhi za watu na kuita tendo hilo maendeleo, hadi kumlipa mkulima kwa ukubwa mpaka majirani waishe.

Wilayani kwako, msomaji, upo mji mdogo unaokua au unaofifia hivi sasa. Kituo cha mabasi kimehamishwa, kiwanda kimebinafsishwa kikawa ghala, eneo la shule limepimwa viwanja, au makao makuu yamepelekwa kwingine. Kwa kila mojawapo ya hayo kuna kikao kilichokaa, muhtasari ulioandikwa na mtu aliyetia saini. Nenda ukauombe muhtasari huo. Ni karatasi ya umma.